Njaa Katika Nchi Yenye Rutuba

Msomaji, ukisimama Giakanja, katika Tetu, asubuhi ambayo ukungu umeinuka mapema, utaiona kwa upande mmoja safu ya milima ya Nyandarua, na kwa upande wa pili Mlima Kenya wenye kimo cha mita 5,199. Kati ya milima hiyo ndipo ulipo mji wa Nyeri, mwendo mfupi kutoka hapo uliposimama. Vijito ni vingi, udongo ni mwekundu na mzito, na kijiti cha ua kilichochomekwa ardhini huchipua kabla mwenyewe hajakisahau. Mgeni akiitazama nchi hii hawezi kuamini kwamba ndani yake yumo mtoto anayelala bila kula. Hata hivyo yumo, na hakosekani hata katika mji wenyewe, uliozungukwa na mashamba pande zote.

Nataka tuulize pamoja kwa nini iwe hivyo, na tena tuulize jinsi waliotutangulia walivyolichunguza jambo hili. Swali la pili laweza kuonekana dogo kuliko la kwanza, lakini sivyo. Mchunguzi hupata jibu la lile aliloliuliza, wala halipati la lile aliloliacha. Na katika habari za njaa ya nchi hii, mengi yaliachwa.

Kabla mji haujakuwapo, nchi ya Wakikuyu ilikuwa ghala la wapita njia. Misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda ilinunua humo nafaka, kunde na viazi, kwa kuwa mbele yake ulikuwa mwendo mrefu usio na mashamba. Mwingereza John Boyes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1911, alisimulia jinsi alivyoingia nchi hiyo mwaka 1898 kutafuta chakula cha kuuza kwa misafara. Shamba la siku hizo halikuwa shamba la zao moja. Palikuwa na mtama, wimbi na uwele. Palikuwa na njahe, ile mikunde myeusi yenye mstari mweupe, ambayo Waswahili huiita fiwi. Palikuwa na viazi vitamu, ndizi, na magimbi, ambayo hapa huitwa nduma, yaliyopandwa kando ya vijito. Viazi vikuu vilipandwa na wanaume, vikatambaa juu ya miti na kukaa ardhini kwa muda mrefu vikingoja siku ya haja. Mvua ikikosa zao moja, jingine husalia.

Hata hivyo mpango huo haukuwa kinga ya kila balaa. Kati ya miaka 1897 na 1900 ukame, nzige, sotoka ya ng'ombe na ndui viliiandama nchi kwa pamoja. Wakikuyu waliiita njaa hiyo Ng'aragu ya Ruraya, yaani Njaa ya Ulaya, maana ilifuatana na kuja kwa wageni. Upande wa kusini, karibu na Kiambu, watu walikufa kwa wingi, na waliosalia wengi walikimbilia kaskazini, Murang'a na Nyeri, ambako chakula hakikuwa kimekwisha kabisa. Likumbuke neno hili, msomaji: Nyeri palikuwa mahali pa kukimbilia.

Mji wenyewe ulianzishwa Desemba mwaka 1902, askari wa Kiingereza waliokuwa pamoja na Richard Meinertzhagen walipowapiga watu wa Tetu na kuweka boma chini ya kilima cha Nyeri. Tangu siku ya kwanza boma lililishwa na jirani zake. Askari, wapagazi, makarani na wenye maduka hawakulima. Chakula chao kililetwa migongoni mwa wanawake kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Kisha ikaja kodi ya nyumba, ikaja mipaka ya ardhi iliyotengwa kwa walowezi, na wanaume wakaenda kufanya kazi ya mshahara. Mahindi meupe yakaanza kuusukuma nje mtama na wimbi, kwa kuwa hayahitaji watoto wa kuamia ndege, na kwa kuwa posho ya kazini ilikuwa unga wa mahindi. Mtu aliyezoea kula posho kazini aliitaka hata nyumbani.

Uchunguzi mkubwa wa kwanza ulifanywa katika miaka ya 1920. Daktari John Gilks, mkuu wa idara ya tiba katika Kenya, alishirikiana na John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Aberdeen, Uskoti, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, akapewa na Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Wawili hao waliwalinganisha Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula nafaka, mizizi na kunde. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1931. Walisema kwamba mwanamume wa Kimasai alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito, na kwamba nguvu ya mkono ilipopimwa kwa chombo, Mmasai alizidi kwa nusu nzima.

Habari hiyo ilitangazwa mbali, na wengi walioisoma wakasema: Mkikuyu ni dhaifu kwa sababu hajui kula. Lakini ndani ya taarifa hiyo hiyo mlikuwa na jambo jingine ambalo halikupigiwa baragumu. Wanawake wa Kikuyu hawakuwa na upungufu kama wa waume zao. Wachunguzi walipotafuta sababu, waliona kwamba wanawake walikula majani mabichi ya kupikwa ambayo wanaume hawakuyagusa, kwa kuyaona ni chakula cha wanawake na watoto. Majani hayo yalikuwa na chokaa nyingi, ile ijengayo mifupa, ambayo ilipungua sana katika chakula cha wanaume.

Fikiri kidogo juu ya jambo hili. Dawa ilikuwa imekwisha kuonekana, tena karibu na nyumba, wala haikuwa na bei. Ilikuwa ikichumwa na mama kila jioni kando ya shamba. Lakini wakubwa waliosoma taarifa walizungumza zaidi juu ya maziwa na nyama, na wachache tu waliuliza kwa nini wanaume wa Kikuyu, ambao wengi wao walikuwa vibarua mbali na kwao, walikula chakula cha aina moja mwaka mzima. Kipimo kilikuwa sahihi, lakini kilipima mwili kikaiacha ardhi na mshahara.

Sasa tuje mwaka 1943, mwaka ambao wazee wa nchi hii waliutaja kwa sauti ya chini. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeiingia dunia, na Kenya ilitakiwa kuwalisha askari, wafungwa wa Kitaliano na wafanyakazi. Mwaka 1942 serikali iliweka sheria ya kudhibiti mahindi: mkulima aliuza kwa bei iliyopangwa, na bei ya mlowezi ilikuwa juu kuliko ya Mwafrika. Mvua za vuli za mwaka huo zikakosekana. Mahindi yakapungua, na miji ikaanza kugawiwa unga kwa kipimo. Huku vijijini wakala mihogo, ambayo si chakula cha milima hii, na njaa hiyo ikapewa jina la Ng'aragu ya Mianga, Njaa ya Mihogo. Jina hilo ni ushahidi. Watu huikumbuka njaa kwa chakula kigeni walicholazimika kukila.

Serikali iliunda Tume ya Uchunguzi wa Upungufu wa Chakula mwaka huo huo wa 1943. Tume ilichunguza mahindi: yalikuwa kiasi gani, yaliuzwa wapi, nani aliyeyazuia, bei ilipangwaje. Haya yalikuwa maswali ya lazima, na sitaki uyadharau. Lakini tazama jambo lililokuwa likitendeka Karatina, kilomita chache kutoka Nyeri, katika miaka hiyo hiyo ya vita. Palijengwa kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya jeshi. Wakulima wa Mathira walilima kabichi, karoti na viazi kwa juhudi kubwa, wengine kwa kumwagilia maji, na mboga zao zilizokaushwa zikasafirishwa kwa askari. Vita vilipokwisha kiwanda kilifungwa, ingawa wakulima walipinga kwa nguvu wakataka kazi iendelee. Basi nchi ambayo wengine walisema haijui kula ilikuwa imelisha jeshi kwa mboga. Haikupungukiwa na ujuzi wa kulima. Ilipungukiwa na soko lililokuwa mikononi mwake yenyewe.

Sheria ile ya mahindi ilibadilika majina na ofisi, lakini desturi yake ya kuzuia nafaka kupelekwa kutoka wilaya hadi wilaya bila kibali ilidumu hata baada ya uhuru, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwanamke aliyebeba debe la mahindi usiku kuvuka mpaka wa wilaya aliitwa mlanguzi. Mji alioulisha haukumwuliza jina.

Mwaka 1945 Norman Humphrey alitoa uchunguzi wake juu ya watu na ardhi katika Nyeri ya Kusini. Yeye hakuhesabu magunia, alihesabu watu na mashamba, akaonyesha kwamba ardhi ilikuwa imesongwa mno na kuchoka. Serikali ilijibu kwa kuwaamuru watu, hasa wanawake, wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko. Ardhi iliyochukuliwa haikurudishwa. Miaka 7 baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, ilitangazwa Hali ya Hatari.

Hapa yanipasa kwenda polepole, kwa maana ndipo penye kiini cha habari yetu. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 serikali iliwakusanya Wakikuyu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula. Zaidi ya watu milioni 1 waliingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Tetu haikusazwa. Nyumba zilizotawanyika juu ya migongo ya vilima zilibomolewa, na familia zikajenga vibanda vilivyobanana kwa safu. Kijiji kiliitwa gicagi. Amri ya kutotoka nje ilizuia watu kwenda mashambani isipokuwa kwa saa chache, na saa nyingi za wanawake zilimezwa na kazi za lazima. Mazao yaliozea shambani hali mwenye shamba akiyaona kwa mbali. Watoto walikonda, wengi wakafa, na maziwa ya unga yaliyogawiwa na watu wa Msalaba Mwekundu hayakutosha.

Wengi hukisoma kisa hiki kama kisa cha vita tu. Nami nakuomba ukisome pia kama kisa cha mji. Kwa mara ya kwanza watu wa milima hii, kwa maelfu, waliishi kama wakazi wa mtaa wa mji wanavyoishi: nyumba zimekaribiana, shamba liko mbali au halipo, kuni ni za kununua au za kuiba, na chakula hutegemea ruhusa au fedha. Hali ya Hatari ilipokwisha mwaka 1960, wenye ardhi walirudi mashambani mwao. Wasio na ardhi walibaki. Baadhi ya vijiji hivyo vipo hata leo katika Nyeri, vyenye viwanja vidogo ambavyo baba amemgawia mwana, na mwana hana cha kumgawia mjukuu. Kutoka humo, na kutoka mashamba yaliyokatwa vipande vipande, walitoka wengi waliojaza mitaa ya Majengo, Witemere na Kiawara katika mji wa Nyeri.

Wakati huo huo mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliunganisha mashamba na kumruhusu Mwafrika wa sehemu hizi kulima kahawa na chai kwa fedha. Kiwanda cha chai cha Ragati, karibu na Karatina, kilifunguliwa mwaka 1957 kwa ajili ya wakulima wadogo. Fedha ilikuja, watoto wakasoma, na hilo ni jema lisilokanika. Lakini kila mche wa chai ulipandwa mahali palipokuwa na kitu kingine.

Aliyelifumbua fumbo hili kwa macho makavu alikuwa binti wa Tetu hii hii. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alisikia katika Baraza la Kitaifa la Wanawake habari za uchunguzi ulioonyesha kwamba watoto wa mkoa wa Kati walikuwa na utapiamlo. Alishangaa, kwa kuwa alikumbuka utoto wake wenye shibe katika mkoa huo huo. Jibu lilikuwa hili: ardhi imetolewa kwa kahawa na chai, miti imekatwa, kuni zimekuwa adimu, basi mama huchagua chakula kinachoiva upesi, mkate mweupe, unga uliokobolewa, wali mweupe na chai, badala ya githeri na njahe zinazotaka moto wa saa nyingi. Njaa ilikuwa imejificha ndani ya shibe. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na Harakati ya Ukanda wa Kijani ikaanza. Dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Watu hukumbuka miti. Mimi napenda kukumbuka kwamba miti hiyo ilitokana na swali juu ya chungu.

Mwaka 1985 Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilifanya jambo ambalo tume za zamani hazikulifanya: iliwaendea watu wa mijini wenyewe. Iliuliza familia 1,576 katika miji 6, ukiwamo Isiolo ulioko chini ya Mlima Kenya upande wa kaskazini. Ilionekana kwamba familia 29 katika kila 100 zilikuwa zikilima chakula ndani ya mji waliokaa, na 17 katika kila 100 zilifuga wanyama humo. Sheria za miji hazikuwatambua watu hao. Tangu ukoloni, mabaraza ya miji yaliyakata mahindi ya wananchi kwa kusema kwamba huficha wezi na kuleta mbu. Mkulima wa mjini alikuwapo mbele ya macho ya kila mtu, asionekane, kwa kuwa hakuna aliyemhesabu. Nairobi ilipata sheria ya kukikuza na kukisimamia kilimo cha mjini mwaka 2015 tu, miaka 5 baada ya Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika.

Je, wewe mwanafunzi wa Giakanja, au wa shule yoyote iliyo karibu na mji, ungeanzia wapi? Usianze kwa kuuliza, "Je, una njaa?" Mtu mwenye heshima zake hatakujibu ukweli. Wachunguzi wa siku hizi huuliza kwa hatua. Katika wiki 4 zilizopita, je, ulipata wasiwasi kwamba chakula kingekwisha nyumbani? Je, mlikula chakula cha aina ile ile kwa kukosa fedha ya kubadili? Je, mama alipunguza sahani yake ili watoto washibe? Je, yupo aliyelala bila kula? Maswali hayo humfikia mtu taratibu, na humwonyesha mchunguzi kwamba njaa ya mjini huanza na wasiwasi, hupitia kwenye upungufu wa mboga na maharage, na mwisho ndipo hufika kwenye sahani tupu. Hata majina ya vyakula husema. Sukuma wiki, ile mboga ya majani ambayo asili yake si ya Afrika, imepewa jina na mtu wa mshahara: huisukuma wiki hadi siku ya malipo. Mkulima mwenye ghala hangebuni jina kama hilo.

Kisha uliza kuna nini. Andika kila mti wa matunda, kila ukingo wa mto, kila gunia lililojazwa udongo mbele ya mlango na kutobolewa matundu ya kupandia. Andika majani. Terere, ambayo ni mchicha wa asili. Managu, ambayo ni mnavu. Majani ya maboga. Thabai, jani lenye kuwasha ambalo hupoteza ukali wake likichemshwa, na ambalo huchanganywa katika mukimo. Kwa miaka mingi shuleni yaliitwa magugu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango ameyafanyia utafiti mboga za asili za Kenya kwa muda mrefu, akaonyesha wingi wa madini na vitamini zilizomo, na Umoja wa Afrika ukamtunuku kwa kazi hiyo mwaka 2010. Mwaka 2021 UNESCO iliitia kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha ya mifano mizuri ya kulinda urithi. Ni miaka 90 tangu ile taarifa ya 1931 iliyosema kwamba wanawake waliokula majani walikuwa na afya kuliko waume zao.

Jioni moja pita katika soko la Nyeri au la Karatina, mahali akina mama wanapokaa chini na mafungu yao. Utaona terere na managu zikiuzwa, zile zile zilizochumwa bure kando ya mashamba. Uliza bei ya fungu, uandike. Uliza limetoka wapi: shambani, kingo za mto, au katika gunia lililo nyuma ya nyumba ya kupanga. Na ukimkuta mama mzee, msalimu kwanza, umwulize ni nani aliyemfundisha kuyajua majani hayo, na katika mwaka wa njaa gani. Jibu lake liandike kwa maneno yake mwenyewe, kama alivyosema, na pembeni mwake utie tarehe.